Kukosa usingizi: njia tano, na saa ambayo kila moja inaweza kukuumiza

Mtu aliyekesha wiki tatu hana maswali mengi. Ana moja tu: kipi kitanilaza leo? Nami nimeliuliza, saa tisa za usiku, macho makavu, simu mkononi. Ni swali la haki, ila linaacha nje jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafungwa plasta mkononi: usingizi mbovu huvunja watu mifupa, na baadhi ya dawa za usingizi nazo huvunja, ila kwa saa tofauti.

Norway waliwafuatilia watu zaidi ya 54,000 kwa miaka 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliokuwa na dalili zote tatu, yaani kuchelewa kupata usingizi, kuamkaamka usiku na kuamka asubuhi kama ambaye hakulala, walikuwa na uwezekano wa mara 2.8 wa kufa kwa jeraha la bahati mbaya wakilinganishwa na wasio na dalili hata moja. Hapo ndipo nilipoacha kuzipima tiba kwa nguvu ya kulaza, nikaanza kuzipima kwa saa. Kila njia, hata ya kutofanya lolote, ina saa zake ambazo mwili haujiwezi. Kinachobaki ni kujua saa hizo zitakukuta wapi: kitandani, ngazini au nyuma ya usukani.

Kwanza, una hakika ni kukosa usingizi?

Ninachozungumzia hapa ni kukosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, ilhali nafasi ya kulala unayo. Kuna mambo matatu yanayofanana na hilo, na ukiyachanganya, utahangaika na tiba isiyo yako.

La kwanza ni kukatika pumzi usingizini. Unakoroma kwa nguvu, anayelala karibu nawe anasikia pumzi imenyamaza kabisa, kisha unashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mchana unapitiwa na usingizi hata katikati ya mazungumzo. Madereva wenye tatizo hili hupata ajali karibu mara mbili na nusu ya wenzao kwa wastani, na vidonge vya usingizi vinaweza kuwazidishia. Tiba yao ni nyingine, mara nyingi mashine ya kusukuma hewa puani. La pili ni kuigiza ndoto: mtu, aghalabu wa makamo au mzee, anarusha ngumi na mateke akiwa usingizini, akajiumiza au akamuumiza mwenzake. Huyo aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na wakati akisubiri ashushe godoro sakafuni na aondoe meza yenye kona kali. La tatu ni miguu isiyotulia, ule mwasho wa ndani unaokulazimisha kuichezesha jioni hadi usiku; mara nyingi hufungamana na upungufu wa madini ya chuma, na dawa moja kati ya nitakazozitaja huuzidisha.

Kama hayo matatu si yako, endelea.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne kwa kila njia. *Usiku*: ukiamka kwenda chooni, miguu itakubeba? *Asubuhi na mchana*: kichwa kitakuwa safi utakaposhika usukani, ngazi au mashine? *Kuanza na kuacha*: inachukua muda gani kusaidia, na kuachana nayo kukoje? Mwisho, *inamfaa nani*.

Kigezo cha pili ndicho kinachodharauliwa zaidi, kwa sababu tunaamini kwamba tukiwa na usingizi tutajua. Si kweli, na ushahidi wake uko kwenye njia ya nne.

1. Kuendelea hivihivi

Wengi huichagua njia hii bila kujua kwamba wamechagua.

*Usiku.* Anayelala vibaya huamka mara nyingi, na kila kuamka ni safari ya gizani. Katika jimbo la Michigan, Marekani, zilichunguzwa kumbukumbu za wazee zaidi ya 34,000 wa nyumba za kutunzia wazee, matokeo yakatoka 2005. Kilichotabiri kuanguka kilikuwa kukosa usingizi kwenyewe, si matumizi ya dawa za usingizi. Nauweka utafiti huu mapema kwa makusudi, maana ni rahisi kuvilaumu vidonge kwa kila mfupa uliovunjika.

*Asubuhi na mchana.* Tafiti za mwishoni mwa miaka ya 1990, nyingi zikitoka Australia, zilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia kuendesha gari. Sasa mchukue aliyeamka saa tisa usiku akashindwa kurudi. Saa mbili usiku anapoendesha kurudi nyumbani, saa zake 17 zimetimia, na hajagusa hata chupa. Marekani mwaka 2016 walikadiria kwamba dereva aliyelala saa 4 hadi 5 katika siku nzima iliyopita yuko katika hatari ya ajali ya takriban mara nne ya aliyelala saa 7 au zaidi.

Hata hivyo mtu wa kukosa usingizi si sawa na aliyenyimwa usingizi. Wengi wao hawasinzii mchana. Wamechoka, lakini akili inawaka kama taa iliyosahauliwa. Ukimwambia ajilaze saa nane mchana, hapati hata lepe. Ajali zake basi si zile za kulala usukani peke yake. Ni za kuruka hatua moja, kusahau kuzima swichi, kuweka mguu pasipo na kidato. Ndiyo maana uchunguzi mkubwa wa wafanyakazi wa Marekani uliochapishwa 2012 uliunganisha kukosa usingizi na asilimia 7.2 ya ajali na makosa yote yenye gharama kazini, lakini na asilimia 23.7 ya gharama zake. Makosa ya mtu huyu ni machache kwa idadi, ila yana bei.

*Kuanza na kuacha.* Hakuna cha kuanza. Ukweli ni kwamba kukosa usingizi kwa siku chache, kwa sababu ya msiba, mtihani au mtoto mchanga, mara nyingi huondoka chenyewe sababu ikiondoka.

*Inamfaa nani.* Mwenye wiki mbili tatu tu za tatizo, anayeijua sababu yake, na anayeweza kumwachia mwingine usukani kwa muda huo. Ukivuka miezi mitatu, kungoja nako kumekuwa uamuzi, tena wa gharama.

2. Tiba ya fikra na tabia

Madaktari huiita kwa kifupi CBT-I. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba ndiyo iwe ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye kukosa usingizi sugu, na miongozo ya Ulaya inasema hivyohivyo. Watu wakisikia jina hudhani ni ushauri wa kunywa maziwa ya moto na kuzima simu. Sivyo. Ni kazi, na sehemu yake kubwa ni ngumu.

Kiini chake kina mambo mawili. Richard Bootzin alilieleza la kwanza mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulala tu, na ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, inuka utoke, urudi macho yakiwa mazito. La pili lilielezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987: punguza muda wa kukaa kitandani. Unaandika shajara ya usingizi wiki moja au mbili. Tuseme inaonyesha unakaa kitandani saa 8 na nusu ila unalala saa 5 na nusu tu. Basi unapewa dirisha la saa 5 na nusu: kuingia saa sita na nusu usiku, kuamka saa kumi na mbili asubuhi, ulale usilale. Usingizi ukishajaa dirisha hilo kwa takriban asilimia 85 au zaidi, linaongezwa dakika 15. Kwa kawaida hakuna anayeshushwa chini ya saa 5.

*Usiku.* Hakuna kemikali mwilini. Ukiamka, kichwa ni chako na miguu ni yako. Hatari iliyopo ni ile ya kuinukainuka gizani, kwa hiyo taa ndogo ya sakafuni iwepo, na kiti utakachokwenda kukalia kiandaliwe kabla hujalala.

*Asubuhi na mchana.* Hapa ndipo pana siri ambayo wahudumu wengine huitaja juujuu. Wiki mbili tatu za kwanza utakuwa na usingizi mwingi mchana kuliko ulivyokuwa kabla ya tiba. Utafiti mdogo wa mwaka 2014, wa wagonjwa 16, uliwapima wakiwa katikati ya tiba ukakuta muda wao wa kulala umepungua, kusinzia kumeongezeka, na umakini umeshuka kwa vipimo, si kwa maneno yao tu.

Sikuhitaji utafiti. Wiki yangu ya pili, saa tisa alasiri, nilikuwa nimesimama nikipiga pasi shati. Nakumbuka nikiipitisha kwenye kola. Kilichofuata ni harufu. Pasi ilikuwa imetulia mgongoni mwa shati, alama ya kahawia yenye umbo lake lote hadi vitundu vya mvuke, na kiganja changu cha kushoto kikiwa kimejilaza kitambaani upana wa vidole viwili kutoka kwenye chuma. Sikuanguka, sikuinama. Nilipitiwa na usingizi nikiwa wima, jambo ambalo kwa miaka miwili ya kugaagaa kitandani halikuwahi kunitokea. Mtaalamu wangu alicheka, akasema hiyo ni ishara kwamba tiba inafanya kazi. Ilikuwa kweli. Lakini ningekuwa dereva wa lori, ishara hiyo ingenizika.

*Kuanza na kuacha.* Vikao 4 hadi 8 kwa kawaida. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya tatu na ya sita. Tofauti na vidonge, faida hubaki baada ya vikao kwisha, kwa miezi na mara nyingi miaka, kwa kuwa hakuna dawa iliyoondolewa mwilini. Wataalamu ni wachache, huo ndio udhaifu wake mkubwa. Uingereza, utafiti uliotoka 2023 ulionyesha kwamba wauguzi waliofunzwa wanaweza kuisimamia sehemu ya dirisha la usingizi kwa vikao vinne vifupi na watu wakapata nafuu, na zipo pia programu za simu zilizopimwa kitaalamu.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mwenye tatizo sugu anayeweza kuzipanga upya hizo wiki tatu za mwanzo. Asiianze peke yake mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, anayetembea usingizini, au ambaye kazi yake haimruhusu kukosea: nahodha, fundi wa juu ya majengo, dereva wa safari ndefu. Mzee dhaifu hupewa namna ya pole, muda wa kitandani ukipunguzwa kidogokidogo.

3. Vidonge vya usingizi vya daktari

Kuna familia mbili zinazojulikana zaidi: ya zamani, ya diazepamu na ndugu zake, na ya baadaye, ya zolpidemu na zopikloni. Zote hufanya kazi kwa kuipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, GABA. Tatizo ni kwamba utulivu huo hauchagui mahali. Unatuliza mawazo, na unatuliza pia sehemu zinazoshikilia mwili usiyumbe.

*Usiku.* Shangazi yangu alimeza kidonge chake saa nne usiku. Saa saba na nusu kibofu kikamwamsha. Anakumbuka kukaa ukingoni mwa kitanda. Anakumbuka mguu wa kushoto ukigusa sakafu, na ubaridi wake. Mguu wa kulia haukumbuki. Alikutwa mlangoni, kiwiko chini ya mwili, na alichokuwa akikililia ni aibu kuliko maumivu. Ukihesabu, zilikuwa zimepita saa tatu na nusu tu. Dawa ilikuwa kazini bado, ikifanya hasa ile kazi aliyoinywea.

Kuna la ajabu zaidi, ingawa ni nadra. Mwaka 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliweka onyo lake kali kuliko yote kwenye zolpidemu na ndugu zake wawili, eszopikloni na zaleploni, kwa sababu ya watu wanaotembea, kupika, hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Ripoti zilikuwa 66 katika miaka 26, 20 kati yake zikiwa za vifo. Ukiona umefanya lolote la namna hiyo hata mara moja, acha na mrudie daktari siku hiyohiyo.

*Asubuhi na mchana.* Dawa haijui saa ya kengele yako. Mwaka 2013 FDA iliagiza dozi ya zolpidemu kwa wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya vipimo kuonyesha kwamba saa nane tangu kumeza, kama asilimia 15 ya wanawake na 3 ya wanaume walikuwa bado na kiwango kinachoweza kuharibu uendeshaji. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya eszopikloni: dozi ya miligramu 3 iliweza kuvuruga uendeshaji na kumbukumbu kwa zaidi ya saa 11. Diazepamu ni habari nyingine kabisa. Huchukua saa 20 hadi 50 kupungua nusu mwilini, na kwa mzee zaidi, hivyo dozi ya leo hukutana na mabaki ya jana na ya juzi.

*Kuanza na kuacha.* Hapa vidonge havina mpinzani: vinafanya kazi usiku huohuo. Kuviacha ndiko kwenye kazi. Ukikata ghafla, usingizi hukimbia zaidi ya mwanzo kwa siku kadhaa, na aliyetumia familia ya diazepamu kwa muda mrefu anaweza kupata degedege. Hupunguzwa polepole, na daktari akijua.

Kwa wazee, hesabu iliyofanywa 2005 kwa kuunganisha tafiti 24 inafaa kubandikwa ukutani: ili mmoja wa umri wa zaidi ya miaka 60 apate usingizi bora kwa sababu ya dawa, inabidi watibiwe 13, ili mmoja apate madhara, wanatosha 6. Wakati huohuo, kumbuka wale wazee wa Michigan. Kumnyang'anya mzee kidonge bila kumpa mbadala ni kumrudisha kwenye safari za gizani, safari hii akiwa macho zaidi lakini amechoka zaidi. Zipo pia dawa mpya zinazozima kemikali ya kuamsha, oreksini, tangu 2014. Nazo huja na tahadhari ya kuendesha gari kesho yake.

*Inamfaa nani.* Mwenye dhoruba ya muda mfupi, asiyeamkaamka usiku, mwenye saa 8 kamili za kulala mbele yake, asiyekunywa pombe wala dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Ukipungukiwa na sharti moja kati ya hayo, mwambie daktari kabla hajaandika.

4. Dawa za mzio na mafua

Difenhidramini, klofeniramini na nyinginezo za kizazi cha kwanza. Zinauzwa bila cheti cha daktari, na kwa sababu hiyo watu huziona kuwa nyepesi.

*Usiku.* Hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba huzuia mkojo, hivyo wanakwenda chooni mara nyingi bila kumaliza. Mzee anaweza kuamka hajui yuko wapi. Na ndizo zile nilizosema huichochea miguu isiyotulia.

*Asubuhi na mchana.* Difenhidramini huchukua kama saa 9 kupungua nusu kwa mtu mzima, na zaidi ya 13 kwa mzee. Chuo Kikuu cha Iowa kiliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, matokeo yakachapishwa mwaka 2000: waliomeza miligramu 50 za dawa hii waliendesha vibaya kuliko walipokuwa na pombe ya asilimia 0.1 damuni. Kilichonishtua si hicho. Ni kwamba walipoulizwa wanahisi usingizi kiasi gani, majibu yao hayakulingana na walivyoendesha. Aliyesema yuko sawa hakuwa sawa.

*Kuanza na kuacha.* Inalaza usiku wa kwanza. Baada ya siku tatu nne mwili umeizoea, usingizi umeondoka, ukavu wa mdomo umebaki.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye afya, usiku mmoja au miwili, asiyeendesha kesho yake asubuhi. Ikiwa na mafua kweli anayo, afadhali zaidi. Orodha ya dawa za kuepukwa na wazee, inayotumiwa na madaktari wa wazee wa Marekani, inazitaja waziwazi.

5. Melatonini

Homoni iliyotambuliwa na Aaron Lerner huko Yale mwaka 1958. Mwili hutengeneza yake giza linapoingia. Huambia mwili kwamba usiku umefika, kisha huuachia mwili wenyewe kazi ya kulala.

*Usiku.* Haivurugi mwendo kama vidonge vya daktari, ingawa kizunguzungu kidogo kinaweza kuwepo.

*Asubuhi na mchana.* Kwa dozi ndogo iliyonywewa mapema, kichwa huwa safi. Ukiimeza saa nane usiku kwa kukata tamaa, utaamka nayo. Usiendeshe ndani ya saa tano hivi tangu kuimeza.

*Kuanza na kuacha.* Kuacha hakuna shida. Kusaidia, hapo ndipo uchache wake ulipo: tafiti zikijumlishwa, hupunguza muda wa kungoja usingizi kwa wastani wa dakika 7. Na pale inapouzwa kama kirutubisho, kilichoandikwa kwenye kopo hakiaminiki sana. Uchunguzi uliofanyika Kanada mwaka 2017 ulikuta bidhaa yenye asilimia 83 pungufu ya kilichoandikwa, na nyingine yenye asilimia 478 zaidi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.

*Inamfaa nani.* Ambaye saa yake ya mwili imesogea: msafiri aliyevuka kanda za saa, kijana ambaye halali hadi saa tisa ila akilala, hulala usingizi wa pono. Anayeamka katikati ya usiku kila siku atasikitika.

Ukiwa katika hali hii

*Unaendesha gari kwa kazi, au unafanya kazi mahali pa juu.* Ya pili ndiyo inayokupa mwisho mzuri, lakini ianze ukiwa likizo, au omba wiki tatu za kazi isiyo ya usukani wala ya mahali pa juu. Kama haiwezekani, omba namna ya polepole. Ya nne iondoe mezani kabisa. Ya tatu, kama daktari ameona lazima, iwe kwa dozi ndogo, ya dawa inayotoka mwilini upesi, na usiku wa kwanza uwe ule ambao kesho yake huendi popote.

*Umri umesogea na unaamka kukojoa mara mbili tatu.* Anza na kibofu, si na usingizi. Huenda ni tezi dume, sukari, au dawa ya presha ya kukojosha inayomezwa jioni badala ya asubuhi. Wakati huo weka taa ya sakafuni na ondoa mkeka unaoteleza. Kisha ya pili, kwa namna ya pole.

*Umetumia diazepamu au zolpidemu miaka mingi na sasa umeogopa.* Usiache leo. Watu wengi hufaulu kuzipunguza wakiwa wameshaanza tiba ya tabia sambamba, hivyo njia ya pili na ya tatu zinaweza kupishana kwa miezi kadhaa.

*Umefiwa, au una wiki moja ya misukosuko.* Ya kwanza inatosha, na ya tatu kwa siku chache si dhambi. Pombe ndiyo ya kuogopa: hulaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku hukuamsha, na ikikutana na kidonge huweza kukata pumzi.

*Unafanya kazi za zamu.* Melatonini na giza zito la chumba vyaweza kukusaidia kulala mchana. Saa yako ya hatari ni safari ya kurudi nyumbani alfajiri, na hiyo hakuna kidonge kinachoitibu. Panda gari la mwingine, au lala dakika 20 kabla ya kuondoka na ungoje kichwa kifunguke kabla ya kuwasha injini.

*Unalea mtoto mchanga au mgonjwa anayekuita usiku.* Njia yoyote ya kidonge ihitaji mtu wa pili nyumbani ambaye hajameza kitu. Kumbeba mtoto gizani ukiwa na zolpidemu mwilini ni kuanguka watu wawili.

Ukienda kwa daktari, usimwambie tu kwamba hulali. Chukua karatasi, chora siku saba, na kwa kila siku andika saa uliyoingia kitandani, saa ulizoamka, mara ulizokwenda chooni, saa unayoanza kuendesha, na palipotokea kujikwaa, kuungua au kujikata. Chini yake orodhesha kila unachomeza, pamoja na ile ya mafua uliyodhani haihesabiwi.